Sare ya Harusi Imetuchosha, Hata Sisi Tunaoishona

Leo hatuna mapishi wala namna mpya ya kufunga mtandio. Leo tuna la moyoni, na tunajua wapo watakaonuna.

Dukani kwetu, nyuma ya mlango, upo waya tunaotundikia nguo zilizokwisha. Mpaka juzi zilikuwa zinaning'inia gauni saba za lesi, zote zambarau, zote za harusi moja iliyopita wiki sita nyuma. Wenyewe walileta kitambaa, wakapimwa, wakatoa kianzio cha elfu kumi, wasionekane tena. Mmoja wao tulimpigia simu asubuhi ya harusi yenyewe, tukamwambia, "Bi mkubwa, nguo yako tayari." Akatujibu kwa sauti ya chini kuwa anaumwa, hatokwenda. Jioni tukamkuta sokoni Mwanakwerekwe anachagua mchicha, mzima wa afya. Tulisalimiana, yeye akatazama chini na sisi tukatazama chini. Biharusi ni mtoto wa dada yake, tumbo moja ziwa moja.

Elfu thelathini za ushoni ndizo zilizomzuia mama mdogo asimuone mwanawe akitolewa.

Tuseme mapema kabla hamjatusema nyinyi: sisi tunakula kwa sare. Tulimaliza kidato cha nne, tukasomea ushoni, na cherehani ya pili tuliinunua kwa pesa za sare. Ukifika mwezi wa Shaabani kila mtu anataka kuoza kabla ya Ramadhani, na ukiingia Mfunguo Mosi zinaanza upya, hatulali. Kwa hiyo anayesema haya hana wivu na shughuli za watu. Anayesema ndiye anayefaidika, na hata hivyo anaona haya.

Hebu tupige hesabu pamoja, kwa bei za dukani kwetu. Gauni refu la lesi la mtu wa mwili wa kawaida, pamoja na mtandio wake, linataka yadi tano. Lesi ya elfu kumi na tano kwa yadi, hiyo ni 75,000. Lesi haivaliwi bila bitana, yadi nne kwa 3,500, ongeza 14,000. Uzi na zipu 3,000. Ushoni 40,000. Jumla 132,000, na hapo hujavaa kiatu, hujashika mkoba, hujatia pesa ya kutunza kwenye bahasha, wala hujatoa mchango wa chakula. Harusi tatu kwa mwezi ni 396,000. Mume wa nani analipwa mshahara wa kuhimili hivyo? Ndipo tunaposikia kikoba kimekopwa kwa kusema ni ada ya skuli, na ndipo herini za dhahabu zinapokwenda kuwekwa rehani kwa siku mbili zikakaa mwaka.

Na laiti ingekuwa nguo moja. Usiku wa hina una sare yake, nikahi ina yake, ukumbini yake. Sasa hata kupeleka mahari kuna sare! Sendofu tumeiokota bara, nayo tukaivisha.

Utetezi mzuri wa sare tunaujua, maana tuliwahi kuusema wenyewe: kwamba ikivaliwa nguo moja hajulikani tajiri wala maskini. Maneno matamu. Sare ya skuli ndiyo inafanya hivyo, kwa sababu ni kitambaa rahisi na mwakani ni kilekile. Sare ya harusi kila shughuli kitambaa kipya, na ndani yake mna madaraja. Ndugu wa biharusi lesi ya mawe, mashoga lesi ya kawaida, majirani satini. Ukiingia ukumbini unasomeka daraja lako tangu mlangoni. Asiye na sare kabisa anakaa kiti cha nyuma karibu na feni mbovu, na mpiga picha akifika anaambiwa, "Dada, sogea kidogo, unaharibu rangi." Tumelisikia hilo kwa masikio yetu. Hiyo siyo kuficha umaskini, ni kuutangaza kwa kipaza sauti.

Wala msitwambie kuwa sare ni mambo ya leo. Vikundi vya lelemama vya mwambao vilishindana kwa mavazi na karamu tangu zama za bibi zetu, kwa hiyo kujionesha tumekurithi. Lakini bibi hao hao walikuwa na jambo la busara, nalo ni kanga. Mwenye shughuli akichagua kanga, kila mtu akanunua doti yake, harusi ikisha kanga inarudi nyumbani kufanya kazi. Inafungwa jikoni, inabebewa mtoto, inajifunikwa usiku wa kipupwe. Lesi ya zambarau yenye mawe utaivaa wapi mara ya pili? Harusi ya pili utaambiwa rangi ni samli.

Kuna jingine watu wanalinong'ona tu, acha tuliseme. Wapo wenye shughuli wanaofanya sare kuwa biashara. Wanachukua kitambaa duka la jumla, wanatia elfu mbili juu ya kila yadi, halafu wanakukataza kununua kwengine, ati "rangi zisije zikapishana". Mteja wetu mmoja alipita Mchangani akakiona kitambaa kilekile, ubao uleule, kwa bei ya chini. Kuuza si haramu. Lakini kumuuzia mgeni wako mlango wa kuingilia harusini kwako, bila kumwambia kuwa unamuuzia, hilo jamani tuliiteje?

Katika Suratul Israa Mola ametuonya kuwa wenye kufuja mali ni ndugu wa mashetani. Mtume (S.A.W.) alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja, hakumuuliza mbuzi rangi gani. Na alipoletewa jeneza alikuwa akiuliza kama maiti ana deni. Sisi tunakopa ili tukasherehekee ndoa, jambo lililofanywa jepesi, na tukitoka ukumbini tunafuata darsa ya kutosheka.

Na mafundi tusijitoe. Sisi ndio tunaomwambia mteja, "Bila mkia wa samaki hii lesi haitoki," kwa sababu mkia wa samaki una ushoni mkubwa. Tunapokea nguo arubaini tukijua mikono yetu inaweza ishirini, tukazimaliza usiku wa manane zipu imekwenda upande. Hilo letu, tusameheni.

Basi mwenye shughuli anayetaka picha yake ipendeze, ataje rangi asitaje kitambaa. Aseme "zambarau", mwenye lesi atavaa lesi, mwenye dera atavaa dera, mwenye buibui jeusi atatia mtandio wa zambarau na mambo yatakwisha kwa shilingi chache. Aseme mapema, wiki tano au sita, siyo kutuma picha kwenye grupu siku kumi kabla. Akitaka nguo ya namna moja lazima, basi kanga.

Wewe mwalikwa, kama imekulazimu lesi, usikubali gauni la kipande kimoja. Mwambie fundi akutenganishie blauzi na sketi. Blauzi utaivaa na sketi nyeusi siku nyingine hakuna atakayeitambua, na sketi itapata blauzi ya satini. Mwambie akuachie inchi nzima ya akiba kila upande wa mshono, maana miili yetu haikai mahali pamoja. Mabaki ya kitambaa ni yako, yadai. Fundi asiyerudisha mabaki muogope. Lesi ifuliwe kwa mkono, isikamuliwe, ianikwe kivulini, na mawe yakianza kudondoka yote yang'oeni; lesi tupu inapendeza zaidi na inaingia hata kazini.

Duka letu nalo tumebadilisha utaratibu. Zamani nguo haitoki mpaka imalizwe pesa. Sasa tunachukua nusu, nguo unapewa siku mbili kabla ya shughuli, iliyobaki tunakuandikia daftarini na unalipa kidogo kidogo. Mwenzetu mmoja wa Darajani katucheka, akasema tutafilisika. Pengine. Lakini nguo iliyolala kwenye waya siku ya harusi haitulipi vilevile.

Yule bi mkubwa tulimfuata kwake juzi na gauni lake mkononi. Alitukaribisha ukumbini, akatuletea chai na maandazi. Akalitazama gauni muda mrefu, akauliza kama linaweza kukatwa likamfaa binti yake Sikukuu. Tukampima mtoto pale pale. Ana miaka tisa, limetoka gauni lenye mikono mirefu, na bado kimebaki kitambaa cha kizibao. Kwenye waya zimebaki sita.