Tiba ya mapigo ya moyo: Swali la Kakesio hutangulia mrija

Mkazi wa Kata ya Kakesio, wilayani Ngorongoro, anayehisi moyo wake ukidunda bila mpangilio, hospitali iliyo jirani naye ni Endulen. Tiba ya mfumo wa umeme wa moyo ipo mbali zaidi, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Dar es Salaam. Kabla ya safari hiyo, ni vema ijulikane tiba ya mrija humfaa nani.

Tiba hiyo haihitaji kupasua kifua. Daktari hupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa paja hadi kwenye moyo, kisha huzingira kwa kovu midomo ya mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Mwaka 1998, madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walionesha kuwa cheche nyingi zinazovuruga mapigo huanzia humo.

Njia hutofautiana katika kulifanya kovu. Mawimbi ya redio huunguza nukta kwa nukta. Puto la baridi hugandisha mdomo mzima kwa pamoja. Utafiti wa mwaka 2016 uliohusisha wagonjwa 762 ulionesha kuwa puto si duni kuliko mawimbi. Mwaka 2023, mipigo mifupi ya umeme ilipimwa dhidi ya njia hizo mbili kwa wagonjwa 607, nayo haikuwa duni. Sifa yake kubwa ni kulenga zaidi misuli ya moyo, ilhali joto laweza kujeruhi umio na baridi kudhoofisha neva ya kiwambo.

Lakini tafiti hizo zilihusu watu ambao vurugu ya mapigo huja na kuondoka. Afrika Mashariki ina kundi jingine, nalo si dogo: walioharibiwa valvu na homa iliyofuatia mafindofindo yasiyotibiwa utotoni. Kwao chanzo ni valvu, na kuchagua kati ya joto na baridi ni kuanzia mwisho. Kipimo cha kwanza ni picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Kinga yao dhidi ya kiharusi pia ni tofauti. Mwaka 2022, utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 ulionesha kuwa waliotumia warfarini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, walifariki wachache kuliko waliopewa rivaroksabani. Warfarini, hata hivyo, hudai damu ipimwe mara kwa mara, na mfugaji wa Kakesio huhama kufuata malisho.