Fomu ya chuo imwambie mkimbizi haki yake

Mwishoni mwa mwaka 2013, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilitaka kujaribu mfumo wake mpya wa kutambua watu kwa alama za mwili. Lilichagua Dzaleka, nchini Malawi. Katika kambi hiyo ya wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe, watu wapatao 17,000 walipita mmoja mmoja, wakaweka vidole vyote kumi kwenye mashine, kisha wakaikodolea macho kamera ili mboni zao zipigwe picha. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wa Dzaleka waliingizwa kwenye kompyuta hizo kabla ya wakimbizi wa kambi nyingine nyingi duniani.

Watu wa hapo wamezoea kuulizwa. Wamejaza fomu za kuomba hifadhi, za mgawo wa chakula, za kuomba kupelekwa nchi ya tatu. Vijana wao wakimaliza sekondari huongezewa nyingine, ya chuo kikuu au ya ufadhili wa masomo. Fomu hiyo nayo ina maswali mengi, na anayeijaza ana haki ya kujua majibu yake yanakwenda wapi.

Chukua fomu ya kawaida ya Malawi. Jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa. Halafu wilaya ya nyumbani, eneo la chifu, kijiji. Kijana wa Kasungu au Mulanje anamaliza sehemu hiyo bila hata kufikiri. Binti aliyezaliwa Uvira, Kongo, akalelewa Dzaleka kalamu inamgandia mkononi. Akiandika Dowa, atahesabiwa kuwa amedanganya? Akiacha wazi, fomu itawekwa kando kwa kuwa haijakamilika? Na wilaya si swali dogo. Mwaka 2009 serikali ilirudisha utaratibu wa kugawa nafasi za vyuo vikuu vya umma kwa wilaya, jambo lililozua ubishi mkubwa nchini, kwa hiyo jibu la mstari huo liliweza kumwingiza mtu chuoni au kumwacha nje. Swali lenye uzito kama huo linahitaji maelezo papo hapo chini yake: linaulizwa kwa nini, nani atalisoma jibu, na asiye na wilaya aandike nini.

Wapo wakazi wa Dzaleka waliokwisha kuona chuo kinachojieleza. Kuanzia mwaka 2010, kupitia mpango wa elimu wa Wajesuiti uliofika pia Kakuma nchini Kenya, baadhi yao walisoma stashahada ya Chuo Kikuu cha Regis cha Denver kwa njia ya intaneti. Vyuo vya Marekani vinavyopokea fedha za serikali kuu vinabanwa na sheria kutangaza kwamba havibagui, na tangazo hilo linatakiwa lionekane kwenye tovuti na kwenye vitabu vya mwongozo wanavyopewa waombaji. Sheria nyingine, ya mwaka 1974, inavitaka viwakumbushe wanafunzi kila mwaka kwamba wana haki ya kuona kumbukumbu zao za masomo na kuomba makosa yasahihishwe.

Ila kuna ufa ambao mtu wa Dzaleka lazima aujue. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inamtaja mtu aliye ndani ya Marekani. Ile ya mwaka 1964 inayohusu rangi, asili na taifa alikotoka mtu inasema vivyo hivyo. Msichana anayesomea Dowa anaweza kulisoma tangazo lote hadi nukta ya mwisho, kumbe sheria iliyolizaa haikumwandika yeye. Kinga yake ya karibu lazima itoke Malawi.

Na Malawi inayo. Kifungu cha 20 cha Katiba kinakataza ubaguzi wa kila namna, na miongoni mwa sababu kinazozitaja waziwazi ni uraia, lugha na asili ya kabila. Kifungu cha 21 kinalinda faragha ya kila mtu. Hakisemi kila Mmalawi. Mwaka 2024 ikaanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Data, chini ya usimamizi wa MACRA, mamlaka ya mawasiliano, inayomtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze anazikusanyia nini. Kwa hiyo hakuna anayeombwa kutunga haki mpya. Haki zilizopo zichapishwe pale mwombaji anapoweka sahihi yake.

Ilani ya haki hizo iwe ya kweli, hata pale ukweli unapouma. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti kwenye vifungu kadhaa, kikiwemo cha 22 kinachohusu elimu, ambacho ilisema itakichukua kama pendekezo tu. Basi chuo kinachomhesabu mkimbizi kuwa mwanafunzi wa kigeni na kumtoza ada ya kigeni kiseme hivyo ukurasa wa kwanza, kabla familia haijachangishana kwacha za kulipia fomu. Kutangaza usawa kwa herufi kubwa na kumficha mtu bei ni kumdhulumu mara mbili.

Kuhusu faragha, wenye Dzaleka hawahitaji mifano ya mbali. Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka, na Mei polisi wakaanza kuwakamata, Lilongwe ikiwemo, pamoja na watoto wao. Baada ya hapo, nafasi ya fomu inayouliza "unaishi wapi" haiwezi kujazwa kwa moyo mweupe na Mrundi mwenye duka mjini. Atauliza kama chuo kitampa polisi anwani yake wakiitaka. Ana haki ya kupata jibu kabla ya kuandika, tena jibu lililochapwa, lisilotegemea upole wa karani aliye dirishani siku hiyo.

Vivyo hivyo kwa orodha za waliochaguliwa, zinazotangazwa kwa majina hadharani. Kwa familia nyingi jina kutokea humo ni sherehe. Kwa aliyekimbia watu wanaomtafuta, linawaonyesha yuko nchi gani na anasoma wapi. Tanzania hutoa matokeo ya kidato cha nne kwa namba za watahiniwa, na kila mmoja huyaona yake bila shida. Kenya imekwenda mbali zaidi: Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Wako watakaosema maandishi ya namna hiyo hayasomwi na mtu. Mengi hayasomwi kweli, kwa sababu yameandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Lakini kanuni za Marekani zina sharti moja linalofaa kuigwa hivyo hivyo lilivyo: chuo kimtaje ofisa anayepokea malalamiko, kwa jina au cheo, pamoja na ofisi yake, barua pepe na simu. Aliyenyimwa nafasi hatafuti aya za sheria. Anatafuta mtu wa kumpigia.

Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, na MACRA wanaweza kukaa pamoja na kuandika ukurasa mmoja wa kubandikwa mbele ya kila fomu ya maombi ya chuo, cha umma na cha binafsi. Uwe kwa Kiingereza, Kichewa, Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda. Uitaje hali ya ukimbizi kwa jina lake kati ya mambo ambayo mtu habaguliwi kwayo, utaje muda ambao fomu za waliokataliwa zitahifadhiwa kabla ya kuharibiwa, na namba ya simu iliyo juu yake iwe na mtu wa kuipokea anayesikia Kiswahili. Dzaleka kumejaa vijana wanaoweza kuutafsiri, na walipwe kwa kazi hiyo.