MAFUNDI WA MITANDAO WAFUNDISHWE KWA MIKONO

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini mwa bara letu, na hapa Tanzania intaneti ikazorota, biashara na maofisi yakakwama. Siku kama hiyo hapana budi mawasiliano yahamishiwe njia nyingine iliyo salama. Kazi ya kuchagua njia hufanywa na ruta, yaani mashine isomayo anwani ya kila kifurushi cha habari na kuamua kipite wapi. Lakini ruta haina busara ila ile iliyotiwa na fundi.

Basi twauliza: fundi huyo twamfundishaje?

Katika vyuo kadhaa tuvijuavyo, mwalimu huandika amri ubaoni, wanafunzi wakazinakili, na siku ya mtihani wakazirudisha kama walivyozipokea. Sababu itolewayo ni kwamba ruta ni ghali. Chuo kina mbili tu, nazo zimefungiwa kabatini zisiharibike. Zamani sababu hiyo ilikuwa na uzito. Mwaka 2005 Christophe Fillot wa Ufaransa alianza kutunga Dynamips, programu iwezeshayo kompyuta ya kawaida kuendesha ruta ndani yake. Juu yake ikajengwa GNS3, isiyotozwa fedha. Cisco nao hutoa Packet Tracer bure kwa waliojiandikisha, ingawa hiyo huigiza tu tabia ya ruta. Programu za ruta za kampuni zina leseni zake, wala hatumshauri mtu kuiba. FRRouting ni huria, nayo yatosha kujifunzia. Kompyuta moja ya gigabaiti 8 hubeba ruta kadhaa za namna hiyo.

Mwanafunzi na aunganishe ruta tatu kwa umbo la pembetatu, azipe anwani, aandike njia kwa mkono wake. Atatuma ujumbe, na jibu halitakuja. Atahangaika saa nzima kabla hajagundua kwamba ujumbe ulifika salama, ila ruta ya upande wa pili haikuambiwa njia ya kurudi. Somo hilo hatalisahau, na ubaoni halionekani. Kisha aweke OSPF, kanuni iwezeshayo ruta kupashana habari za njia zenyewe, akate waya mmoja katikati, na ahesabu: kwa kawaida ruta huweza kungoja sekunde 40 bila salamu ya jirani yake kabla haijamhesabu kuwa amekufa. Sekunde 40 ni nyingi mno kwa mteja anayelipa kwa simu. Hapo ndipo atakapouliza mwenyewe jinsi ya kuzipunguza.

Faida kubwa zaidi ni ruhusa ya kukosea. Fundi aliyeketi Dar es Salaam akiandika amri mbaya katika ruta iliyoko Mtwara, aweza kujifungia mlango mwenyewe. Itambidi apande basi. Tusidhani ni aibu ya wachanga tu. Tarehe 4 Oktoba 2021 amri iliyotolewa wakati wa matengenezo iliutoa mtandao wa Facebook katika intaneti ya dunia kwa muda wa saa sita hivi, na wahandisi wakalazimika kwenda kwenye mitambo kwa miguu yao. Katika maabara ya kompyuta kosa kama hilo hufutwa kwa kuanza upya.

Kweli, maabara hiyo haifundishi kubana waya, wala vumbi, wala umeme unaokatika. Kwa hayo ruta ya chuma yahitajika bado.

Maoni yetu ni kwamba mtihani wa karatasi peke yake usimpatie mtu cheti cha ufundi huu. Kila mtahiniwa apewe mtandao uliovurugwa makusudi ndani ya kompyuta, aambiwe autengeneze kwa muda wa saa mbili, na aeleze alichokiona. Waajiri nao waulize hivyo hivyo siku ya usaili. Na zile ruta mbili zitolewe kabatini wiki hii.