SIMU NA HESABU ZA MIRATHI



Wazazi kadhaa wa hapa Sumbawanga wameniuliza: je, simu yafaa kufundishia hesabu? Yafaa. Huko Tanga, kati ya 2017 na 2019, watoto wa vijiji karibu 170 walifunzwa kusoma na kuhesabu kwa tableti, nao wakafaidika. Lakini chombo hujibu kile kilichoulizwa tu.

Juzi niliitwa kugawa mirathi ya jirani. Ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Deni na wasia vilikwisha tolewa, yakabaki magunia 80 ya mahindi. Kijana wake akabonyeza simu: 80 kwa 6, akapata 13.33. Simu haikukosea, ila kwa swali lile yeye na nduguye wangepunjwa zaidi ya magunia sita kila mmoja. Mke ana thumni, magunia 10. Yanayobaki, 70, ni mafungu saba: kila mwana wa kiume 20, kila binti 10. Jumla 80.

Basi mzazi, mwanao na aandike kwanza mafungu kwa kalamu, ndipo ashike simu. Kisha ajumlishe, ahakikishe. Al-Khwarizmi, katika kitabu chake cha aljebra cha karne ya 9, aliweka mlango mrefu wa mirathi. Elimu hii ni yetu. Tusiwaache watoto wakaisahau.

Wabillahi tawfiq.