Nani Alihamishwa Ili Nguzo Isimame?

Tangu nianze kufundisha historia ya usanifu majengo nimeulizwa swali lile lile: historia ya majumba inamfaa nini mwananchi? Leo nalijibu, nikianza na kosa langu mwenyewe. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi matao na nguzo. Sikuwafundisha kuuliza nani alihamishwa ili nguzo isimame.

Tazama Dar es Salaam. Wajerumani walipohamishia makao yao hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walijitengea upande wa mashariki wenye upepo wa bahari. Katika miaka ya 1920 Waingereza waliugawa mji mara tatu: Uzunguni, Uhindini, na kwa Waafrika Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja wa Mnazi Mmoja. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya. Mbu hajui rangi ya mtu. Mchora ramani aliijua.

Baada ya Vita vya Pili, rangi ikawa aibu kutajwa. Ramani zikaanza kunena kwa adabu: ujazo mdogo, wa kati na mkubwa. Ukubwa wa kiwanja ukaifanya kazi iliyokuwa ikifanywa na ngozi. Uhuru ulipofika mwaka 1961 tuliwabadilisha wakazi wa Uzunguni, lakini istilahi tukairithi, nayo ingali katika ofisi zetu za ardhi.

Sipingi mipango miji. Mafuriko humwumiza kwanza maskini aliyejenga bondeni. Ninachopinga ni kumwita mtu huyo mvamizi, na nyumba yake "holela", bila kuuliza nani alipima viwanja vichache na kuvipandisha bei. Alama nyekundu ya X ukutani huandikwa kwa dakika moja. Sababu zake zina umri wa miaka mia.

Ndugu watumishi wa umma, baadhi yenu mlipita darasani kwangu. Nawadai kile ambacho sikuwapa: kabla ya kutia saini ramani, ulizeni nani alihesabiwa, nani alishauriwa, nani ataondoka na ataelekea wapi. Asiyeuliza hayo hamtumikii mwananchi. Ni karani wa gavana aliyekwisha kufa.