Sisi wa Pipeline tupandao ngazi

Mwandishi, makala yako kuhusu tiba kazi ni nzuri, ila orodha yako yote ya wataalamu ni ya Upper Hill na Westlands. Kutoka mtaa wetu wa Pipeline, Nairobi, na mgonjwa wa kiharusi, shughuli huanzia kwenye ngazi: mama anakaa orofa ya sita, lifti hakuna, na vijana wawili lazima walipwe kumbeba. Ukifika barabarani, kuna matatu hadi mjini, kisha nyingine.

Kwa majirani wa Eastlands: anzeni na Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, ombeni barua ya rufaa, na muulize waziwazi kuhusu tiba kazi, maana wengi huishia kwa fiziotherapi wakidhani wamemaliza. Kama ni mtoto wa shule, Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya (KISE) kule Kasarani wana kituo cha kumpima. Mtaalamu wa binafsi naye aonyeshe leseni kabla hamjalipa. Tangu sheria ya 2017, wataalamu wa tiba kazi wana baraza lao linalowasajili.

Tena, mwombeni mtaalamu aje nyumbani hata mara moja tu. Wetu alipoona chumba kimoja, jiko sakafuni na choo cha pamoja mwisho wa korido, aliacha habari za mashine. Alifunga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye mpini wa kijiko ili mama aweze kukishika, akamfundisha kuvaa blauzi akianza na mkono uliolegea. Leo mama anajilisha ugali mwenyewe.

Kaunti ituletee wataalamu hawa kwenye zahanati za mtaani. Wagonjwa wapo tele huku juu.