Gari lisitoke gereji kabla giaboksi haijasetiwa

Fundi akishabadili kompyuta ya giaboksi, akachomeka soketi na injini ikawaka, kazi bado. Giaboksi haijasetiwa. Gereji nyingi hukabidhi gari hapo hapo, na baada ya siku chache mwenye gari anarudi: gari linashtuka likiingia D, injini inanguruma gari lisiende, au gia imeng'ang'ania moja na taa inawaka.

Ndani ya giaboksi ya otomatiki kuna klachi zinazobanwa kwa shinikizo la mafuta, na solenoidi ndizo zinazoyaruhusu mafuta hayo kupita. Hakuna giaboksi mbili zilizo sawa kabisa. Hii solenoidi yake hufungua mapema kidogo, ile klachi zake zimelika. Kompyuta huangalia kila gia inavyoingia, hurekebisha shinikizo kidogo kidogo, kisha huhifadhi vipimo hivyo. Kompyuta mpya haivijui. Iliyotolewa kwenye gari jingine, kama zinazouzwa Gerezani na Ilala jijini Dar es Salaam, inakuja na vipimo vya gari lile, na hapo ndipo hasara inapoanza. Shinikizo likipungua klachi huteleza na kuungua, mafuta yakaanza kunuka; likizidi, gia huingia kwa kishindo.

Kwa Nissan nyingi za CVT, vipimo vya valvu vimehifadhiwa ndani ya giaboksi yenyewe, na lazima viingizwe kwenye kompyuta mpya kwa mashine kamili ya uchunguzi. Baadhi ya Toyota zina namba maalumu kwenye lebo ya giaboksi inayopaswa kuingizwa vivyo hivyo. Mashine ndogo ya kusoma na kufuta makosa haiwezi kazi hiyo. Kuchomoa betri usiku kucha nako hakusaidii, maana kompyuta nyingi hutunza vipimo hata bila umeme.

Baada ya mashine, barabara. Kiwango cha mafuta kiwe sahihi na joto lake lifikie lile lililotajwa na mtengenezaji, kisha gari liendeshwe kwa utaratibu wake: kuondoka taratibu, kupitia gia zote, kusimama kabisa, kurudia. Foleni ya Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni si mahali pa zoezi hilo.

Kinachotuuma ni wateja wanaoambiwa giaboksi imekufa, wakanunua nyingine kwa pesa nyingi, kumbe ya kwanza ilikuwa nzima. Hiyo ya pili nayo inafungwa bila kusetiwa.

Tunajua mashine kamili ni ghali. Gereji ndogo za mtaa mmoja zinaweza kuchangia moja, au kumlipa fundi umeme mwenye nayo kwa kila gari. Vyuo vya VETA viwafundishe vijana kuseti pamoja na kufungua na kufunga. Fundi aandike gharama ya kuseti kwenye makadirio tangu mwanzo, isije ikaonekana nyongeza ya ujanja. Na wewe mteja, kabla hujalipa salio, panda na fundi, mzunguke gari likiwa limepata moto, usikie kila gia inavyoingia. Ikishtuka, liache gereji.